Jike la Kuazima

Kabla ya kuingia nyumba ya magogo, Veneranda alinawa mikono kwa maji ya majivu mara tatu, akaacha kandambili mlangoni, akajifunga kitambaa puani. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Pumzi ya mtu hubeba kuvu, na kuvu ndiyo iliyowamaliza mbawakawa wa milima mingine, mlima mmoja baada ya mwingine.

Ndani mlikuwa na giza la kijani. Magogo kumi na mawili yalilala juu ya vichanja, yakinuka uoza mtamu wa miti ya zamani. Aliinama akaweka sikio kwenye gogo la kwanza. Kru, kru, kru. Buu alikuwa anatafuna. Buu wa mbawakawa huyu hukaa ndani ya mti miaka mitatu mizima akila gizani, kisha hutoka na mabawa, akaishi wiki saba, akazaa, akafa. Veneranda aliwahi kuwaambia watoto wa katekisimu kwamba hakuna kiumbe anayejiandaa muda mrefu hivyo kwa ajili ya jambo fupi hivyo, isipokuwa Mkristo, ila Mkristo hujiandaa kinyume. Watoto walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Wakubwa walikuwa saba, madume wanne na majike watatu, kila mmoja katika kizimba chake cha chandarua. Weusi, wenye mabaka ya manjano mgongoni kama ukoga juu ya jiwe, na kichwani vipapasio viwili virefu kuliko mwili wenyewe, ambavyo wageni huviita pembe. Hao saba, pamoja na mabuu waliokuwa wakitafuna, ndio waliobaki wa aina yao duniani. Kwa ajili yao ulisimama mnara wa kutengeneza ukungu, na kwa mnara huo waliishi watu mia tisa wa Lugumbi, kijiji cha milima ya Uluguru.

Mlio wa mnara ulisikika hata humo ndani, mnene, usiokatika, kama mtu mzima anayeguna ndani ya pipa. Ulikuwa ukiguna hivyo tangu mwaka ambao ukungu wa Mungu uliacha kuja Uluguru. Milima iliyokauka ilikuwa kumi na minane, na minara iliyopatikana ilikuwa mitano. Ikatafutwa njia ya kugawa isiyo na upendeleo. Wasomi wakasema tusiangalie watu, maana watu huhama; tuangalie viumbe wasioweza kuhama. Mlima wenye kiumbe ambaye ukoo wake wa kike haupo pengine popote, upewe mnara. Ukoo ukiisha, mnara unaondoka. Sheria ilikuwa fupi kama hivyo, na watu walikunywa maji au walikosa kwa sheria hiyo.

Sauti ya kaka yake ilimfikia kutoka nje. Bernadi Mkude alikuwa mkubwa wa ukoo na mwenyekiti wa mnara, lakini mlango ule hakuwahi kuuvuka.

"Dada, mkaguzi ameshavuka mto," alisema. "Na amebeba kisomeo kipya."

Veneranda aliondoa sikio kwenye gogo. Alifunika vizimba, kimoja kimoja, bila haraka, kisha akatoka.

*

Walikaa kwenye kidaraja cha mawe, mahali ambapo mtu anaweza kuona njia yote hadi bondeni. Chini yao mashamba ya ngazi yalishuka yamejaa kabichi na karoti, na ukungu wa mnara ulipita juu yake polepole, ukiacha matone kwenye kila jani. Nukta ya bluu ilikuwa ikipanda njia. Lilikuwa koti la mkaguzi.

Kisomeo kipya, chombo cha kusoma ukoo wa mdudu, ndicho kilichowakosesha usingizi tangu barua ya ukaguzi ilipofika. Veneranda alikielewa kuliko kaka yake, kwa kuwa alikwenda semina. Ndani ya kila chembe ya mwili, wa mtu au wa mdudu, mna vinu vidogo vya kutoa nguvu, viitwavyo mitokondria. Vinu hivyo vina maandishi yao wenyewe, mbali na maandishi makuu ya mwili: herufi elfu kumi na tano na mia saba hivi, jeni thelathini na saba, zimeungana mwisho na mwanzo kama rozari. Na katika maandishi hayo baba hana chake. Mama humwachia mtoto, na binti humwachia wake, hadi huko nyuma kusikohesabika. Ndiyo maana wasomi wakipanga nani ametoka kwa nani, nani ni ndugu wa karibu na nani wa mbali, huanza na rozari hiyo.

Semina ilipofika hapo wanawake wa Lugumbi waliangua kicheko. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba hufuata mama, na mume ndiye anayekunja mkeka wake akaenda kuishi kwa mkewe. Mmoja akasema kumbe mbawakawa naye ni Mluguru. Mwalimu wa semina hakuelewa wanachocheka, akaendelea na somo.

Kisomeo cha zamani kilisoma punje moja tu ya rozari, yaani jeni moja, na katika punje hiyo mbawakawa wa Uluguru na wa milima ya Nguru husomeka sawasawa, maana waliachana juzi, miaka laki moja tu iliyopita. Kipya kinasoma duara zima. Katika duara zima, Uluguru na Nguru wamepishana herufi thelathini na moja.

Bernadi alitoa mfukoni kopo la tumbaku, akalifungua juu ya goti. Ndani, juu ya pamba, alilala jike mkavu aliyechomwa pini, mwenye kikaratasi cha wino uliopauka. Alikaa miaka arobaini katika kabati la shule ya msingi, tangu kabla ya minara, kabla ya yote.

"Huyu ni wetu kabisa," Bernadi alisema. "Nimemloweka mguu mmoja tangu jana. Umelainika. Mkaguzi haingii, hagusi. Anapokea anachopewa."

Ndivyo kazi ilivyofanyika. Wakaguzi hutembea mlima hata mlima na huweza kubeba kuvu, kwa hiyo ni mkono wa mtunzaji tu unaokata mguu wa mbawakawa na kuuleta nje kwenye kijiko, naye mtunzaji hutamka mbele ya shahidi kwamba umetoka kwa aliye hai ndani ya nyumba ile. Serikali nzima, pamoja na vyombo vyake vyote, ilisimama juu ya neno la mama mmoja mwenye kijiko.

Veneranda aliutazama mguu ule uliolowekwa, hakuuchukua. Aliuliza kama kaka yake anakumbuka jina la yule mama wa Nguru. Bernadi alisema halikumbuki. Alikuwa analikumbuka vizuri.

Miaka sita nyuma, magogo ya Lugumbi yalitoa madume matupu, majira mawili mfululizo. Wangeisha. Veneranda alisafiri siku tatu hadi milima ya Nguru, kwa mtunzaji mwenzake, Bi Mwatabu, mama wa Kiislamu mwenye mwanya na kicheko cha kusikika mbali. Alikwenda kuomba ushauri. Bi Mwatabu aliona hali yake, akaingia ndani, akatoka na kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa ukoka, na ndani yake jike kijana ambaye hajaonana na dume. Akasema mpeleke akazae. Akizaa, nirudishie binti mmoja, wengine wako. Sheria ilikataza kuhamisha mbawakawa, lakini yale yalikuwa mambo ya akina mama wawili, na punje ile moja ilisomeka sawa. Nani angeumia?

Jike alipandwa na madume wa Lugumbi. Miaka mitatu baadaye magogo yalijaa. Na mwaka huohuo kuvu ikaingia Nguru. Bi Mwatabu akatuma ujumbe kwenye simu, mfupi, baada ya salamu: yule binti sasa namhitaji. Veneranda alikuwa na majike watano kwenye vizimba. Bernadi alisimama nyuma yake akisema fikiri, kuvu itawaua wote, na ikijulikana tumeazima tutanyang'anywa. Lakini vidole vilivyoandika vilikuwa vya Veneranda. Aliandika kwamba majike bado hawajatoka.

Baada ya miezi mitatu mnara wa Nguru ulifunguliwa skrubu ukapakiwa kwenye malori, ukawekwa ghalani kungoja mlima mwingine ustahili. Watu mia saba walishuka kambini tambarare. Veneranda aliungama kwa Padre kwamba alimdanganya mtu. Padre alimpa kitubio cha sala. Hakumwambia arudishe, kwa sababu Veneranda hakumwambia kwamba kurudisha bado kunawezekana.

"Wakisoma duara zima," Bernadi alisema, "watasema wa kwetu walikufa wote, na hawa ni wa kule. Nani atakayeelewa kwamba baba zao ni wa hapa? Mia tisa, Vene. Watoto wa dada zako wamo." Alimwekea kopo mapajani. "Sikuombi uue mtu. Nakuomba mguu."

Veneranda alilifunga kopo ndani ya pindo la kitenge chake, kwa kuwa nukta ya bluu sasa ilikuwa na uso.

*

Mkaguzi aliitwa Auleria, msichana wa miaka thelathini hivi, amekonda, buti zake zimekuwa nyeupe kwa vumbi la chini. Aliamkia shikamoo, akakaa kwenye mkeka hatua ishirini kutoka mlangoni kama inavyotakiwa, akapewa maji. Alikunywa kikombe, akanyoosha cha pili, na cha tatu alikishika tu mikononi akakitazama.

Bernadi alimtania kwamba mjini siku hizi maji yanatazamwa kama picha. Auleria alitabasamu kidogo, akasema hakutoka mjini. Ametoka kambini, kwa watu wa Nguru. Alikuwa na kazi ya kulifunga tawi lao.

Akafungua kisomeo, bapa, cheusi, cha ukubwa wa sahani. Kwenye kioo chake ukatokea mti mweupe wenye matawi, kila tawi ukoo wa mama mmoja, na mwisho wa kila tawi jina la mlima. Matawi mengi yalikuwa meusi. Mawili yalikaa karibu kabisa, yametoka kwenye kishina kimoja kama vidole. Moja liliandikwa Uluguru, nalo lilimetameta. Lingine liliandikwa Nguru, nalo lilikuwa la kijivu, likisubiri kuwa jeusi.

Alieleza kwamba tawi halifungwi kabla mtunzaji wake hajaulizwa mara tatu, siku tatu tofauti, kama kuna mzao wa ukoo ule popote duniani. Akipatikana, hata mmoja, tawi huwaka tena, na mnara hurudi.

"Mtunzaji wao akajibu nini?" Veneranda aliuliza.

"Bi Mwatabu? Siku ya kwanza alisema hakuna. Siku ya pili hakuna." Auleria aliweka kikombe chini. "Siku ya tatu alitazama milimani kwanza. Kisha akasema, kama kipo, mwenye nacho atakileta. Mimi siombi mara mbili. Nikaandika hakuna."

Bernadi alikohoa. Akauliza, kwa adabu, kama huko kambini wanaendeleaje.

Auleria alisema kisima ni kimoja na maji yake yana chumvi. Mwezi uliopita kuharisha kulichukua kumi na wawili, wengi wachanga. Alizungumza kama mtu anayesoma orodha, macho yake yakiwa kwenye kabichi. Hakumtazama Veneranda hata mara moja, na Veneranda aliona kwamba hamtazami kwa makusudi.

Aliinuka akaenda kunawa majivu.

Ndani, alisimama kati ya vizimba na kopo la tumbaku. Alilifungua. Mguu wa jike mkavu ulikuwa umelainika kweli, mweusi, umefanana na mguu wowote. Alijaribu kupiga hesabu kama Bernadi. Mia tisa huku, mia saba kule. Wachanga wa huku, wachanga wa kule. Kila alipojumlisha, huku palizidi, kwa sababu wa huku aliwajua majina. Alijaribu kusali, akakuta anachoomba ni ruhusa.

Nje mnara uliguna. Kwenye gogo la nne, buu alitafuna.

Basi akaacha kuhesabu na kuomba, akabaki na kitu kimoja kidogo, ambacho hata mtoto wa darasa la kwanza anakijua. Sufuria ya jirani, hata ukae nayo miaka sita, hata uipikie watoto wako, ni ya jirani.

Akafungua kizimba cha jike mkubwa. Mbawakawa alimkamata kidole kwa makucha yake, na alipoinuliwa alilia, ule mlio wao mwembamba wa kusugua shingo, kama mlango wa kabati la wanasesere. Veneranda alimwambia pole. Akakata mguu wa nyuma kwa mkasi, karibu na kiungo, mahali ambapo hawavuji sana, akamrudisha. Kopo aliliacha juu ya gogo, limefungwa.

Alipotoka, Bernadi alitazama kijiko, kisha uso wake, na akafikiri amefaulu, kwa sababu dada yake alikuwa mtulivu. Alitoa ushahidi kwa sauti nzima. Veneranda akatamka maneno yake: mguu huu umetoka kwa aliye hai katika nyumba hii.

Kisomeo kiliumeza mguu. Kilichukua muda wa fungu moja la rozari. Kwenye mti mweupe, nukta ndogo ilitoka chini kwenye shina ikaanza kupanda, ikipita matawi meusi, ikitafuta kwao. Ilifika kwenye kile kishina cha pamoja, ikasita. Kisha ikapinda, na tawi la Nguru likawaka.

Lile la Uluguru lilizimika bila mlio wowote.

Bernadi alisogea akainama juu ya kioo. Alikaa hivyo, ameinama, mikono magotini. Hakumgeukia dada yake.

"Ni wa Nguru," Auleria alisema polepole.

"Ni wa Nguru. Niliazima."

Auleria alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kutuma. Hakubonyeza. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba wakati mwingine mguu huchafuka. Ukichafuka, mkaguzi huandika hivyo na kurudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu watu wanaweza kuvuna, wanaweza kujipanga.

Bernadi aliinua kichwa. "Umechafuka," alisema. "Binti yangu, andika umechafuka."

"Kwa miezi mitatu," Veneranda alimuuliza Auleria, "kule mtazika wangapi?"

Msichana alibonyeza.

Veneranda alimwomba jambo moja, aandike pia kwamba baba zao ni wa Lugumbi. Kila mbawakawa aliyemo humo ndani nusu ya mwili wake ni wa mlima huu. Auleria alitafuta kwenye kioo, kweli alitafuta, akipandisha na kushusha. Mwisho akasema, mama, hakuna pa kuandika baba.

Mnara ulinyamaza kikombe chake cha tatu kikiwa bado kimejaa. Haukupungua polepole; ulikatika. Watu walioinama kwenye mashamba ya ngazi walinyooka mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu kwenda chini, wakatazama kileleni. Mtoto aliyezaliwa katika mlio ule, hajui ukimya, alianza kulia mahali fulani chini. Wakaanza na wengine.

*

Sheria inasema magogo yarudishwe kwao kwa kichwa, si kwa gari, kwa sababu mtikisiko huua mabuu wanaojigeuza. Watu wa Nguru wangekuja kuyachukua, lakini Veneranda hakutaka la kwanza lije kuchukuliwa. La kwanza ni deni lake.

Kwa siku mbili hakuna aliyemwitikia hodi. Kwenye tangi la mnara wanawake waliondoa ndoo zao alipofika, wakampisha, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mwanamke mmoja tu alisema, bila kumtazama, kwamba watakatifu wanajulikana kwa kuua majirani zao. Misa ya Jumapili alikaa benchi peke yake. Hakulia. Alikuwa amelijua hilo tangu alipokuwa na mkasi mkononi.

Siku ya tatu asubuhi ukungu wa mwisho ulikuwa umeshapanda, na jua liliangaza njia yote hadi bondeni, kali, jeupe, likionyesha mawe ambayo hayakuwahi kuonekana makavu. Kabichi za ngazi za juu zilikuwa zimeanza kulegea masikio. Veneranda alitundika shingoni vipande vitatu vya mwanzi vilivyozibwa kwa ukoka, kila kimoja na jike wake. Gogo la nne alilifunga kwa matandiko yenye maji. Kwa kipande cha mkaa aliandika juu ya ganda lake, kwa herufi kubwa: BABA ZAO LUGUMBI. Kisha akaangalia namna ya kulipandisha kichwani peke yake, na hakuona namna.

Bernadi alikuwa amesimama kando ya kidaraja. Veneranda hakujua amefika saa ngapi. Mkononi alikuwa na ngata ya majani makavu ya mgomba, imesokotwa upya. Alikuwa hajasema neno naye tangu siku ile, na uso wake ulikuwa umezeeka.

Alimwekea ngata kichwani. Aliinua gogo, akalikalisha juu yake, akashikilia mpaka shingo ya dada yake ilipozoea. Kisha akasoma maandishi ya mkaa, akayasoma tena, kidole chake kikifuata herufi.

"Kwetu mume humfuata mke kwao," alisema.

Veneranda hakuweza kugeuza kichwa.

"Ukifika, mwambie huyo Bi Mwatabu." Jina alilitamka bila kukosea. "Mwambie ana wakwe huku, mia tisa. Hawana maji. Wanakunja mikeka."

"Akikataa?"

Bernadi alitazama kileleni, mahali ambapo mafundi walikuwa wameanza kufungua skrubu.

"Mwambie sisi pia hatuombi mara mbili," alisema, na akageuka kurudi juu.

Veneranda alianza kushuka. Ndani ya gogo, juu kabisa ya fuvu lake, buu aliendelea kutafuna, na katika ukimya ule mpya hapakuwa na sauti nyingine.